Namba 3318: Miaka kumi ya michango iliyokuwa ndani ya maikrofishi

Kwenye kompyuta yetu, mzee huyu alianza kuchangia mfuko wa pensheni Januari 1987. Mwenyewe anasema aliingia kiwandani Machi 1977, kijana wa miaka kumi na tisa, akipakia magunia. Kati ya tarehe hizo mbili kuna karibu miaka kumi ya jasho, na mfumo haukuonyesha hata senti moja yake.

Alistaafu 2018. Akalipwa mafao yaliyohesabiwa kuanzia 1987. Alipolalamika aliambiwa aandike barua, akaandika. Akaambiwa alete ushahidi, akaleta. Alipofika kwetu masijala, Eneo la Viwanda, Nairobi, Februari 2022, alikuwa amezungushwa miaka minne. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye hati tatu za mshahara: ya Juni 1980, ya Novemba 1983 na ya Februari 1985. Wino ulikuwa umefifia, lakini makato yalisomeka. Mimi ni karani wa kumbukumbu pale. Jina la kampuni sitalitaja, wala la mzee. Nilimwomba ruhusa kuandika kisa chake akanikubalia, akisema wako wengi waliopotea kama yeye.

"Mwanangu," aliniambia siku ile ya kwanza, "sitaki kupewa kisicho changu. Nataka mtazame tu."

Hakuna aliyekuwa ametazama. Kila ofisi aliyopita ilifungua kompyuta, ikaona 1987, ikafunga.

Kilichokuwa stoo

Leja za karatasi za miaka hiyo hazipo tena. Stoo ya zamani ilivuja msimu wa mvua, zikaoza, zikatupwa. Tepu za kompyuta zipo, zimepangwa rafuni kama sahani, lakini mashine ya kuzisoma iliondoka pamoja na kompyuta iliyoziandika. Hata tungeipata, hakuna aliyebaki anayejua data ilipangwaje ndani yake.

Kilichobaki ni kabati la chuma lenye droo sita, nyuma ya viti vilivyovunjika. Mwezi mmoja kabla mzee hajaja, kabati hilo lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya vitu vya kuuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na maikrofishi za mfuko wa pensheni, 1979 hadi 1990.

Kwa asiyeijua, maikrofishi (sisi ofisini huita fishi tu) ni kipande bapa cha filamu, milimita 105 kwa 148, ukubwa wa postikadi. Ukiishika juu unaona mstari mmoja wa maandishi unaosomeka kwa macho: jina la mfuko, mwaka, namba ya kwanza na ya mwisho. Chini yake ni safu za visanduku vidogo, na kila kisanduku ni ukurasa mzima. Fishi ya kawaida ya vitabu na majalada, iliyopunguzwa mara 24, hubeba kurasa 98. Zetu ni za aina nyingine. Tepu ilipelekwa kwa kampuni ya huduma za kompyuta, mashine ikaandika kurasa kwa mwanga moja kwa moja juu ya filamu bila kupitia karatasi. Hizi hupunguzwa mara 48, na fishi moja hubeba kurasa 270: safu 15 zenye visanduku 18 kila moja. Ukurasa wa leja unakuwa sawa na punje ya mchele.

Nilizihesabu. Zilikuwa 96. Kila mwaka una fishi tano za leja ya wanachama na tatu za orodha za makato ya kila mwezi. Ukizitoa kwenye bahasha zake na kuzipanga pamoja, zinapata unene wa kidole gumba. Kurasa zilizomo ndani ni karibu 23,000, ambazo kwa karatasi zingekuwa mrundo wa zaidi ya mita mbili. Nimefanya kazi na karatasi maisha yangu yote, na bado nikishika fishi moja nashangaa.

Balbu na lenzi

Mashine ya kusomea tulikuwa nayo moja, iliyotoka idara ya ufundi. Watengenezaji wa mitambo na magari walikuwa wakisambaza orodha za vipuri kwa fishi, kwa hiyo mafundi ndio walioinunua. Ilikuwa imefunikwa gunia, balbu imeungua. Niliing'oa balbu nikaenda nayo Luthuli Avenue, nikapita duka baada ya duka. Kijana mmoja aliigeuzageuza, akaingia nyuma, akatoka na balbu ya haloji ya volti 12, wati 100, ya projekta ya picha za slaidi. Pini zilikuwa sawa. Nikarudi, nikaichomeka, na feni ikaanza kuvuma.

Nikaingiza fishi ya 1983 kati ya vile vioo viwili, nikasukuma kishikio, na pale kwenye skrini kukatokea ukurasa: herufi nyeupe juu ya buluu iliyokolea, ndogo mno. Nikazungusha kirekebishi, zikawa kali lakini ndogo vilevile. Ilinichukua muda kutambua tatizo. Lenzi ya mashine ni ya mara 24, kwa sababu orodha za vipuri zilipunguzwa mara 24. Fishi zetu ni za mara 48. Kwa hiyo kila ukurasa ulitokea nusu ya ukubwa wake.

Lenzi ya kufaa sikuipata mjini. Nilichofanya ni kushika lenzi ya mkono, ile ya kukuzia maandishi ya gazeti, mbele ya skrini. Nilisoma hivyo kwa siku tatu, shingo ikiuma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha thamani ya fishi. Vifaa havikulingana, balbu ilikuwa ya mashine nyingine, lenzi haikuwa yake, na bado nilisoma. Tepu iliyoko rafuni futi nne kutoka pale haikuweza kuniambia hata herufi moja. Fishi inadai mwanga na kioo cha kukuza, na hivyo viwili havijawahi kukosekana Nairobi.

Kutafuta kwa namba isiyo yake

Siku mbili za kwanza sikupata kitu. Nilikuwa na namba yake ya kazi, tarakimu sita, kama ilivyo kwenye barua ya kustaafu. Kwenye kisanduku cha mwisho cha kila fishi, kona ya chini kulia, kuna faharasa: namba ya kwanza ya kila ukurasa, na safu na mstari wake. Ukiwa na namba unafika kwenye ukurasa kwa dakika moja. Bila namba, una kurasa 1,200 za leja kwa kila mwaka, wala hazijapangwa kwa jina. Namba ya tarakimu sita haikuwepo popote kabla ya 1987. Namba zote za miaka ile zilikuwa na tarakimu nne, na zile hati tatu za mshahara zilikuwa zimekunjwa mara nne, mkunjo umepita juu ya namba na kuila.

Nikampigia mzee simu. Nikamuuliza kama anakumbuka namba aliyokuwa nayo zamani.

"Tatu tatu moja nane," akajibu kabla sijamaliza kuuliza. "Nilikuwa naitaja kila mwisho wa mwezi pale dirishani kwa karani wa mshahara. Nitaisahauje?"

Miaka minne alijaza fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja tu, ya sasa. Hakuna aliyemuuliza nyingine, na yeye hakujua kwamba ina maana.

Kwa 3318 nilimpata ndani ya nusu saa, mwaka baada ya mwaka. Fishi ya kwanza ya leja ya 1979 inafungua na salio lake la Januari 1, 1979. Hilo ndilo limebeba michango ya Machi 1977 hadi Desemba 1978. Mwezi kwa mwezi wa kipindi hicho haumo, na sikudai kwamba umo. Kilichomo ni jumla yake. Kuanzia hapo kila mwezi una mstari wake. Juni 1980: mchango wa mfanyakazi shilingi 52.50, wa mwajiri 52.50. Nikaweka hati yake ya mshahara kando ya skrini. Makato ya pensheni: 52.50. Nilikaa kimya kidogo. Mtu alikatwa pesa hizo, akaenda nyumbani na zilizobaki, akahifadhi kikaratasi miaka arobaini na mbili, na hapa ndipo pesa zenyewe zilipoonekana zikiingia.

Palipokatika

Kupata michango kulikuwa nusu ya kazi. Wadhamini wa mfuko wangeuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, ni kwa nini kompyuta haikuwa nayo. Bila jibu, fishi ingeonekana ni hadithi dhidi ya hadithi.

Kwenye leja ya Desemba 1986, mbele ya namba 3318, kuna salio la shilingi 21,460.35 na herufi moja pembeni: T, alama ya waliohamishwa. Mzee alihamishwa Septemba mwaka huo kwenda bohari ya Mombasa, na waliohamishwa walipewa namba mpya zenye tarakimu sita, mbili za mwanzo zikionyesha tawi. Januari 1987 kampuni ilianza mfumo mpya wa kompyuta. Mfumo ulichukua salio la kila mwanachama kwa kufuata namba. Waliokuwa na namba ile ile walivuka na pesa zao. Waliobadilishiwa namba katikati walivuka wakiwa na sifuri, kama watu walioajiriwa juzi.

Pesa zilienda wapi? Niliendelea hadi fishi ya tano ya leja ya 1987, ukurasa wa mwisho kabla ya jumla kuu. Pale pana mstari mmoja wa fedha zisizojulikana mwenyewe. Nikarudi kwenye 1986, nikapitia kurasa zote 1,200 nikitafuta herufi T peke yake. Nikazipata kumi na nane. Nikajumlisha masalio yake kwa kikokotoo, nikarudia mara ya pili kwa sababu sikujiamini. Jumla ilikuwa sawa na mstari ule wa 1987, hadi senti.

Hapo nilielewa kilichotokea, na ninaamini kinatokea mahali pengi ambapo hakuna fishi ya kukionyesha. Aliyehamisha data mwaka ule hakuiba wala hakuwa mzembe. Aliamua nini kinahitajika: salio na namba. Vingine vyote akaviacha. Fishi haikuamua chochote. Ilibeba ukurasa mzima, pamoja na ile herufi T ambayo hakuna mtu aliyefikiri itamfaa yeyote.

Kwa nini wadhamini walikubali

Niliandika ripoti ya kurasa sita na kuambatisha picha za skrini nilizopiga kwa simu. Mkaguzi wa hesabu wa mfuko alikuja mwenyewe, akakaa mbele ya mashine asubuhi nzima, akiwa na lenzi yangu ya mkono. Alichokitaka ni kitu kimoja: ajue kama mstari huu ungeweza kuongezwa baadaye.

Alijibiwa na fishi zenyewe. Salio la kufunga mwaka liko kwenye fishi moja, la kufungua mwaka unaofuata liko kwenye nyingine, na kwa namba 3318 yalilingana kila mwaka. Kila leja inaishia na jumla kuu, na jumla hizo zilikuwa sawa na taarifa za hesabu zilizokaguliwa na kujaladiwa, ambazo tunazo tangu 1975. Ukitaka kuongeza mtu mmoja wa uongo ndani ya 1983, itabidi ubadilishe jumla ya 1983, na ya 1984, na ya 1985, kwenye filamu ambayo haifutiki, kisha uibe vitabu vya wakaguzi. Kwenye jedwali la kompyuta ni kubonyeza mara moja.

Si ajabu basi kwamba kazi hii ya kunakili kwa filamu ilipata nguvu benki. Miaka ya 1920, George McCarthy, mtu wa benki wa New York, alibuni mashine ya kupiga picha hundi juu ya filamu ili benki ibaki na nakala ya kudumu ya kila kilichopita mikononi mwake. Kodak iliununua ubunifu huo 1928. Alichokuwa akikitafuta ndicho alichokitafuta mkaguzi wetu.

Baada ya wiki mbili wadhamini waliidhinisha. Salio la 1986 lilirudishwa kwa mzee pamoja na riba ya miaka yote iliyofuata, na riba ndiyo iliyokuwa kubwa, si salio. Mzee alikuwa tayari ameandika barua kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni chini ya sheria ya 1997. Aliiondoa.

Mji huu na nakala zake

Nairobi inajua maana ya kupoteza karatasi. Mwaka 1939 moto uliunguza Sekretarieti ya serikali ya kikoloni hapa mjini, na majalada mengi yakaenda nayo. Yaliyonusurika yaliyotoka wilayani na mikoani yako Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la zamani la benki Moi Avenue ambalo kila abiria wa matatu hulipita. Hifadhi hiyo iliundwa kwa sheria ya 1965, na ripoti za mwaka za wilaya na za makabidhiano ya maafisa zikanakiliwa kwa maikrofilamu, ndugu yake fishi anayekaa kwenye gurudumu. Nakala zake ziko hadi Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwanafunzi wa huko anaweza kusoma ya Machakos ya miaka ya 1920, na siku Moi Avenue ikipata balaa, Mungu aepushe, maneno yale hayatakuwa yamekufa yote.

Sisi tulikuwa na nakala moja tu. Jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Udhaifu wake

Naipenda fishi, lakini sitaificha kasoro. Huwezi kuitafuta kwa neno. Mtu mmoja tu anaisoma kwa wakati mmoja. Ikikwaruzwa, mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele unaweza kufuta mstari mzima wa leja, kwa kuwa ukurasa wenyewe ni punje.

Zetu pia si filamu mama. Filamu ya fedha juu ya poliesta ikihifadhiwa mahali pakavu na baridi inakadiriwa kudumu miaka 500. Nakala za buluu kama zetu, za diazo, ni kama miaka 100 zikitunzwa vizuri, nazo hufifia zikikaa kwenye mwanga. Ndiyo maana kila nilipokuwa nikiandika nilizima taa ya mashine. Bahasha mbili za 1979 zilinipiga na harufu ya siki nilipozifungua. Hiyo ni filamu ya asetati ikioza; inatoa asidi ile ile iliyomo ndani ya siki, na ikiachwa karibu na nyingine zenye asili yake huziharakisha nazo kuoza. Nilizitenga siku hiyo hiyo kwenye sanduku lenye hewa, zikawa za kwanza kunakiliwa.

Kunakili nako si kwa skana ya mezani. Ukurasa uliopunguzwa mara 48, ukiutaka usomeke kama karatasi iliyoskaniwa kwa nukta 200 kwa inchi, unahitaji nukta 9,600 kwa inchi juu ya filamu. Tulitafuta skana maalumu ya kukodi. Fishi zote 96 sasa zina nakala za kidijitali, sehemu mbili tofauti. Mkuu wa utawala aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama sasa tunaweza kuliuza kabati. Nilimpeleka kwenye rafu ya tepu, nikamwonyesha kitu ambacho 1986 kilikuwa cha kisasa kuliko vyote ndani ya jengo. Kabati limebaki. Bahasha tumezibadilisha kwa za karatasi isiyo na asidi, na limehamishiwa chumba cha ndani kisicho na bomba la maji darini.

Na fomu ya madai sasa ina mstari mpya: *Namba zote ulizowahi kuwa nazo.*

Wale wengine kumi na saba

Herufi T zilikuwa kumi na nane, na mzee ni mmoja. Tisa tuliwapata kupitia kundi la WhatsApp la wastaafu; mmoja anauza maziwa Kitengela, hakuwahi kulalamika, alidhani ndivyo pensheni zilivyo. Wanne wamefariki, na familia zao zimeanza taratibu za urithi. Wanne hawajulikani waliko. Nimechukua kadi zao za ajira, zenye picha ndogo na alama ya dole gumba, na kuwaandikia machifu wa maeneo yaliyotajwa. Watatu wana kata iliyoandikwa vizuri. Wa nne, mahali pa nyumbani pana neno moja tu: Yatta.

Nilimwonyesha mzee ile picha. Aliitazama sana. Alimtambua, walipakia magunia pamoja, jina la baba yake amelisahau. Ana shemeji upande huo, na ameniahidi atauliza akienda huko Krismasi.